Kitu kinachopita kasi kwenye CCTV usiku: UFO (chombo cha angani kisichojulikana) au mdudu? Wajuzi njooni, mtaani kumeshaanza maneno

MwanaKirumba

Wakuu habari za muda huu. Nipo Mwanza, nyumbani tuna kamera ya CCTV imefungwa juu ya mlango wa mbele inaangalia geti, ni hizi za kawaida zenye vitaa vya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, vinavyowaka vyenyewe giza likiingia. Juzi mbwa walibweka sana usiku, asubuhi nikafungua DVR, kile kisanduku kinachorekodi, kuangalia kama kuna mtu karuka ukuta, mtu sikumwona ila nikakuta kitu ambacho mpaka sasa sijakielewa.

Saa tisa na dakika kumi usiku kinaingia kitu cheupe upande wa kushoto, juu kidogo ya ukuta, kinakatiza skrini nzima na kutokea kulia. Ukiicheza kawaida unaona mstari tu umepita. Nikasogeza fremu moja moja, yaani picha moja moja zinazounda video, kipo kwenye fremu nne basi. Kila fremu ni fimbo nyeupe inayong'aa, imenyooka, pembeni ina vitu mfano wa mbawa jozi mbili, moja mbele moja nyuma. Kichwa hakina, miguu hakina. Urefu wake ni kama robo ya skrini.

Sasa nikapiga hesabu. Ukuta na geti vinavyoonekana kwenye picha ni mita 12, nimepima kwa futikamba. Kamera inapiga fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo fremu nne ni sekunde 0.16. Mita 12 kwa sekunde 0.16 ni mita 75 kwa sekunde, yaani kilomita 270 kwa saa. Na robo ya mita 12 ni mita 3. Mdudu gani huyo wa mita tatu anakimbia 270? Najua kozi anafika huko na kupita, lakini ni pale anapojiachia kutoka juu kumfuata ndege mwenzake, siyo usawa wa geti saa tisa usiku.

Mdogo wangu kaiweka status ikazunguka mtaa mzima. Vijana wanasema ni UFO. Wengine wanasema ni ungo umepita, na hao wa ungo ndio wananinyima usingizi maana kuna bibi anaishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kwetu na jina lake limeshaanza kutajwa tajwa. Kwa hiyo naomba majibu ya maana, yenye maelezo ambayo naweza kwenda kuyasema mbele za watu.

JichoAngani

Mkuu heshima kwako, na hongera kwa kupima badala ya kukisia. Mimi hizi mambo nimezifuatilia muda mrefu na nakuambia usikubali haraka ile hadithi ya mdudu. Vitu vya umbo hilo hilo, fimbo yenye mbawa nyingi pembeni, vilianza kusemwa Marekani mwaka 1994, José Escamilla alivirekodi kule New Mexico karibu na Roswell, wenyewe wanaviita rodi. Baada yake vikaonekana nchi nyingi. Kule Mexico kuna shimo kubwa linaitwa Sótano de las Golondrinas, kina chake ni zaidi ya mita 330, watu huwa wanaruka humo na parachuti, na kwenye video zao kuna rodi zinapita pembeni ya mrukaji kasi ajabu.

Na siyo watu wa mitaani tu. Tarehe 2 Julai 1952 mpiga picha wa jeshi la majini la Marekani, Delbert Newhouse, alikuwa safarini na familia yake karibu na Tremonton, Utah, akaona kundi la vitu vinang'aa angani akasimamisha gari akavirekodi kwa filamu ya rangi. Maabara ya picha ya jeshi la majini ikaichambua ile filamu ikasema si ndege wa mbawa, si ndege za chuma, si maputo. Huyo ni mtu ambaye kazi yake ni picha, na waliochambua kazi yao ni picha. Kwa hiyo mtu akikuambia "ni nondo tu" mwambie atoe hesabu na yeye.

FundiKamera

Mtoa mada, kazi yangu ni kufunga hizi kamera, na klipu za namna hii wateja wananiletea kila msimu wa mvua unapoanza. Nitakueleza taratibu ili ukawaeleze na wenzako.

Usiku kamera inafungua shata, yaani kile kinachoruhusu mwanga uingie, muda mrefu ili ipate mwanga wa kutosha. Yako kama setingi ipo kwenye oto itakuwa imeshuka mpaka 1/25 ya sekunde, maana yake kila fremu inakusanya mwanga muda wote ule mpaka fremu inayofuata ianze. Kitu kikisogea ndani ya huo muda kinaacha njia yake nzima kwenye picha moja, kama taa ya bodaboda kwenye picha ya usiku inavyotoka mstari mrefu na wewe unajua kabisa taa yenyewe ni ndogo. Hiyo fimbo unayoiona ni njia aliyopita mdudu. Mwili wake mwenyewe hapo hauonekani, umejipaka kwenye picha kuanzia alipokuwa shata inafunguka mpaka alipokuwa inafungwa, ndiyo maana hukuona kichwa wala miguu.

Mbawa nazo ni hivyo hivyo. Mdudu akienda mbele huku anapiga mbawa juu chini, kila pigo linaacha alama yake pembeni ya ule mstari. Ukiona jozi mbili kwenye fremu ya 1/25 ina maana kapiga mbawa mara mbili ndani ya huo muda, sawa na mara 50 kwa sekunde, na huo ni mwendo wa nondo wengi tu. Inzi anapiga kama mara 200 kwa sekunde, kwa shata hiyo hiyo angekuonyesha jozi nane, fimbo ingekuwa na meno meno kama msumeno.

Sasa mwanga. Vile vitaa vya infraredi vimezunguka lenzi yenyewe, kwa hiyo chochote kikipita karibu na lenzi kinamulikwa kuliko ukuta ulio mbali. Ukuta wako sijui upo umbali gani, tuseme mita 10, na mdudu akipita nusu mita mbele ya lenzi, umbali umepungua mara 20, mwanga unaompata umeongezeka mara 400. Mara mia nne! Nondo wa kijivu wa kawaida anawaka mweupe kuliko shati jipya. Hata vumbi na matone ya mvua yanafanya hivyo, na uzi wa buibui mbele ya lenzi unaonekana kamba nene.

Kuna kitu kimoja nataka ukakiangalie kabla hujajibu mtu yeyote. Weka fremu ya kwanza, tia alama kwenye skrini mahali fimbo inapoishia upande wa mbele. Kisha weka fremu ya pili uangalie fimbo inaanzia wapi upande wa nyuma. Kama mwanzo wa hii upo pale pale mwisho wa ile, au umepishana kidogo sana, basi urefu wa fimbo ni sawa na hatua aliyopiga kwenye fremu moja. Dude la kweli la mita tatu halina sababu ya kusogea urefu wake kamili kila fremu, lingeweza kusogea nusu yake au mara tano yake. Njia ya mdudu ndiyo lazima iungane.

Halafu angalia kwenye DVR yenyewe, usiangalie ile ya WhatsApp, ikishatumwa inabanwa na fremu nyingine zinapotea.

BintiKagera

Naunga mkono fundi. Mimi ni wa Bukoba, kwetu hili jambo tunaliona kila msimu wa senene, mwezi wa kumi na moja na kumi na mbili hivi. Wategaji wanawasha taa kali sana, wanasimamisha mabati yameegemea juu ya mapipa, senene wanafuata mwanga wanagonga bati wanateleza mpaka ndani ya pipa. Ukisimama pale na simu ukachukua video ya ule mwanga juu, anga lote ni fimbo nyeupe, ndefu, zimepinda pinda, nyingine zina mbawa nne nne, sita sita. Ukimtumia mtu wa mbali asiyejua atakuambia kuna vita huko juu. Na pale pale unainamisha simu kwenye pipa unaona senene mwenyewe, wa kijani na wa kahawia, urefu wa kidole, anatikisa papasi zake za kichwani. Dakika hiyo hiyo, simu hiyo hiyo.

Nilishawahi kumwekea kaka yangu anayeishi Ulaya video ya namna hiyo nikamwambia asogeze fremu moja moja, alikataa kabisa kwamba ni senene mpaka nilipomwonyesha kipande kinachofuata, mmoja ametua kwenye bati ile fimbo ikafupika, ikafupika, ikawa mdudu. Kwa hiyo mtoa mada tafuta kwenye kamera yako sehemu ambayo kinatua au kinapunguza mwendo. Kitu kikipunguza mwendo fimbo inafupika. Dude la chuma halifupiki kwa kupunguza mwendo.

TichaFizikia

Mtoa mada hesabu yako haina kosa la kugawanya wala kuzidisha, tatizo lipo kwenye ile mita 12. Mita 12 ni upana wa picha pale ukutani. Kamera inaona kwa pembe, kwa hiyo upana wa eneo inaloona unapungua kadiri unavyoisogelea lenzi. Nichukue ile mita 10 ya fundi: ukutani upana ni mita 12, kwenye mita 5 upana ni mita 6, kwenye mita 1 ni mita 1.2, na nusu mita mbele ya lenzi upana wote wa skrini ni sentimita 60 tu.

Sasa rudia hesabu yako. Sentimita 60 kwa sekunde 0.16 ni mita 3.75 kwa sekunde, sawa na kilomita 13.5 kwa saa. Mtu mwenye baiskeli anampita. Na robo ya skrini inakuwa sentimita 15, ambazo ni zile zile unazopata ukizidisha mita 3.75 kwa 1/25 ya sekunde. Namba zote zinakubaliana bila kulazimisha.

Ona basi, picha ni ile ile, fremu ni zile zile nne, na kilomita 270 na kilomita 13.5 zote zinatoka humo, kinachotofautisha ni umbali ambao kamera moja haikuambii. Hili ndilo swali la kwanza kwenye video yoyote ya kitu kinachokwenda kasi, kilikuwa umbali gani kutoka kwenye lenzi, na kama hakuna anayeweza kulijibu basi kasi haipo, ukubwa haupo, kuna pikseli zimesogea tu. Najisikia vibaya sana kila nikiona watu wanatangaza kasi ya kitu hadi nukta mbili za desimali wakati umbali wamekisia.

JichoAngani, habari ya rodi naifahamu na nakubaliana na wewe mwaka 1994 ndipo zilipovuma. Lakini angalia kamera za wakati ule. Video ya Marekani ilikuwa fremu 30 kwa sekunde, kila fremu imegawanyika nusu mbili, kwa hiyo kila nusu imechukuliwa kwa 1/60 ya sekunde. Inzi anapiga mbawa mara 200, gawa kwa 60, unapata mapigo matatu na kitu. Doug Yanega, mtaalamu wa wadudu wa Chuo Kikuu cha California pale Riverside, alilieleza hili vizuri, kwamba ni mapigo kadhaa ya mbawa kwenye picha moja. Na wale wa shimo la Mexico, mrukaji yupo mbali na kamera, mdudu au teleka, ndege mdogo mfano wa mbayuwayu, yupo karibu, kwenye picha vinaonekana vimepita bega kwa bega. Humo shimoni kuna ndege maelfu kwa maelfu, ndiyo maana likapewa hilo jina, yaani shimo la mbayuwayu.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha China. Mwaka 2005 kiwanda kimoja cha dawa mkoa wa Jilin kilikuwa kinapata hizi hizi fimbo kwenye kamera zake za ulinzi. Wenyewe wakaamua kuzikamata. Wakatandika nyavu kubwa eneo lile lile, wakasubiri kamera ionyeshe fimbo zinaingia kwenye wavu, zikaingia, wakaenda kufungua wavu wakakuta nondo na wadudu wengine wa kawaida. Televisheni ya taifa ya China ikaonyesha jambo lote. Ni kile kile BintiKagera anachokisema cha pipa la senene.

MwanaKirumba

Nimerudi wakuu. Nimefanya alivyosema fundi, nimebandika selotepu kwenye skrini. Mwisho wa fimbo ya fremu ya kwanza na mwanzo wa fremu ya pili vimekutana, kuna uwazi mwembamba tu. Ya pili na ya tatu hivyo hivyo. Ya tatu na ya nne hivyo hivyo. Setingi ya shata ilikuwa oto na ikanionyesha 1/25. Ukuta upo mita 10 na nusu kutoka kwenye kamera kwa hiyo Ticha hukukosea sana.

Halafu nimeangalia sauti maana kamera ina maiki. Mbwa walibweka kuanzia saa saba kasoro, hiyo fimbo imepita saa tisa na dakika kumi, mbwa wako kimya kabisa. Yaani mtaani watu wameunganisha mambo mawili ambayo yamepishana zaidi ya masaa mawili, na mimi mwenyewe ndivyo nilivyowasimulia.

Ila watu hawataki kuelewa. Jana jioni dukani mtu ananiambia "kamera haiwezi kudanganya".

Mzawa77

Mkuu saa tisa usiku ndio saa zao hao, hilo halihitaji hesabu. Wazee wetu walijua kabla ya hizo kamera kuja. Mnapoteza muda na pembe za lenzi.

MamaKahama

Mzawa77 mdogo wangu, naomba unisikilize vizuri maana mimi ni mkubwa na nimezaliwa Usukumani. Imani yako ni yako sikuingilii. Ila hayo maneno uliyoandika hapa kwa wepesi, kwetu yameua watu. Bibi zetu wamekatwa mapanga mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Geita, kisa macho mekundu. Na macho yenyewe ni mekundu kwa sababu maisha yote wamepikia kuni na samadi kavu ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Inaanza hivi hivi, jina linatajwa dukani, wiki ijayo linatajwa kwenye pombe, kisha mtoto wa mtu anaumwa na mtu anakumbuka kwamba "si kulikuwa na ile video".

MwanaKirumba mwanangu, nakuomba kwanza mwambie mdogo wako aifute hiyo status leo hii na aandike pale pale kwamba ni mdudu. Pili nenda kwa mwenyekiti wa mtaa umweleze, usisubiri mpaka mambo yachemke, na umwambie waziwazi kwamba jina la bibi linatajwa ili ajue. Tatu pita kwa huyo bibi umsalimie, mpelekee hata sukari, watu wakuone unaingia na kutoka kwake. Nyie wa UFO endeleeni na mjadala wenu ni mzuri na mimi nasoma, ila hili la bibi lishughulikiwe kwanza.

JichoAngani

Mama shikamoo, na nakuunga mkono kwa yote. Nimesoma kuhusu hayo mauaji, hakuna video yenye thamani ya maisha ya mtu.

Kwa klipu ya Kirumba nimekubali, fimbo zikiungana mwisho kwa mwanzo sina cha kubisha, ni mdudu. Lakini Ticha nataka unijibu, maana hamuwezi kutumia nondo mmoja kufuta kila kitu. Chile, Novemba 2010, kwenye sherehe ya jeshi la anga kambi ya El Bosque pale Santiago, ndege za kivita zinapita na kuna kitu cheusi kinazizunguka kwa kasi kubwa, mchana kweupe, na kamera zaidi ya moja. Taasisi ya serikali ya Chile inayochunguza mambo ya anga, CEFAA, iliitoa hadharani kama kisa kizito. Halafu ile video ya rubani wa jeshi la majini la Marekani ya mwaka 2015 inayoitwa Go Fast, ambayo Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, yenyewe iliiachia rasmi Aprili 2020. Kile kitu kinateleza juu ya bahari kasi ya ajabu na rubani anashangaa. Hapo hakuna infraredi ya getini wala shata ya 1/25. Na Tremonton hujaigusa.

TichaFizikia

Maswali mazuri, nianze na Go Fast maana ile ina namba kwenye skrini yenyewe. Kamera ya ile ndege inaandika kimo cha ndege, pembe inayotazama na umbali mpaka kwenye kitu. Yaani lile swali la umbali kwa mara moja lina jibu. Kundi la wataalamu wa NASA, shirika la anga la Marekani, walioandika ripoti yao mwaka 2023 walipiga hizo hesabu za pembetatu, hesabu za kidato cha tatu kabisa, wakakuta ndege ipo futi 25,000 na kitu chenyewe kipo kama futi 13,000, kwa hiyo hakipo juu ya maji hata kidogo, kipo karibu kilomita nne angani, na mwendo wake ni kama maili 40 kwa saa, kilomita 64 hivi. Hiyo unaweza kuipata kwa upepo tu wa kimo hicho. Kinachokimbia ni ndege iliyobeba kamera, bahari ipo mbali nyuma ya kitu, ndiyo maana maji yanaonekana kupita kasi. Ukipanda basi uangalie mti wa karibu na mlima wa mbali dirishani utakiona hicho kitu. Ni nini hasa, puto au ndege wa mbawa au kitu kingine, video haitoshi kusema, ila kasi ya ajabu haipo tena.

Chile ni kinyume chake, namba ya umbali hakuna. Waliosema kitu kinakwenda maelfu ya kilomita kwa saa walikiweka mbali, karibu na zile ndege. Watu waliokuja kuangalia baadaye, wakiwemo wataalamu wa wadudu, wakasema ni nzi au mbawakawa anapita mbele ya kamera, mweusi kwa sababu ana anga jeupe nyuma yake, ametiwa ukungu kwa sababu lenzi imefokasi mbali. Sherehe ya Novemba kule ni majira yao ya kuchipua, wadudu wamejaa. Na kamera kuwa nyingi hakusaidii kama kila moja ina mdudu wake, ingesaidia kama mbili zimekiona kitu kile kile sekunde ile ile, hapo ungepata umbali.

Tremonton ndiyo naiheshimu kuliko zote mbili kwa sababu Newhouse aliona kwa macho yake kabla ya kurekodi. Ila filamu yenyewe ina anga la bluu tupu, hakuna mlima wala nguzo ya kulinganisha. Ile maabara ya jeshi la majini ilibidi idhanie umbali ili ipate kasi. Januari 1953 CIA, shirika la ujasusi la Marekani, iliitisha jopo la wanasayansi, mwenyekiti wake H. P. Robertson, wakaitazama filamu wakasema mwendo wake na mng'ao wake ni wa shakwa, wale ndege weupe wa majini, na Utah kuna shakwa wengi kwa sababu ya lile ziwa la chumvi. Wewe unaweza kusema waliharakisha, na kweli walikaa siku chache tu. Mimi nasema hakuna anayeweza kumshinda mwenzake kwa ile filamu, si wao wala si wewe, kwa sababu umbali haukurekodiwa na hautapatikana tena.

JichoAngani

Hapo Tremonton tutabaki tunatofautiana mkuu, shahidi aliyeona kwa macho siwezi kumtupa kirahisi hivyo, mke wake na watoto walikuwepo pia. Ila hoja ya umbali nimeichukua. Kuanzia leo klipu yoyote nitakayoletewa nitauliza hilo kwanza.

MwanaKirumba

Mama Kahama asante sana mama. Status imefutwa. Kwa mwenyekiti nimekwenda, amesema Jumapili kuna mkutano wa mtaa, nije na tivii niwaonyeshe watu. Kwa bibi nilipita asubuhi, hajui chochote kinachoendelea na sikumwambia.

Fundi naomba msaada, nataka Jumapili niwe na klipu ya wazi, ile ya fimbo na nyingine inayoonyesha mdudu mwenyewe, kamera hiyo hiyo. Nimejaribu kuweka shata 1/500 picha imekuwa giza totoro hata geti sioni.

FundiKamera

Lazima iwe giza, umekata mwanga mara 20. Fanya hivi. Zima infraredi kwenye setingi, kamera iwe kwenye rangi. Chukua taa ya nje ya LED ya mwanga mweupe, wati 50 au zaidi, usiifunge karibu na kamera, ifunge pembeni mita mbili tatu, imulike eneo la mbele ya lenzi. Nyuma ya eneo hilo tundika shuka nyeusi au kanga ya rangi nzito ili mdudu aonekane vizuri. Umbali kati ya kamera na shuka uwe mita moja tu, hapo hata ubishi wa mita tatu unaisha maana watu wanaona wenyewe kitu kimepita mbele ya shuka.

Rekodi dakika kumi kwa 1/25, uone fimbo. Kisha usiguse kitu kingine, badilisha shata tu iwe 1/500, rekodi tena. Kwa ile mita 3.75 ya Ticha, kwenye 1/500 anasogea milimita saba na nusu tu, utaona mbawa, utaona mwili, kama lenzi yako imefokasi karibu kidogo utaona hata papasi. Ikiwa bado giza shuka mpaka 1/250, inatosha.

Fanya saa moja usiku baada ya mvua ya kwanza, kumbikumbi wakitoka hutasubiri. Na usiende na klipu peke yake, nenda na kamera, DVR na hiyo taa, uvifunge pale pale mkutanoni, jua likizama watu wajirushie wenyewe mpira au kitambaa mbele ya lenzi kwenye 1/25. Kama waya unao mfupi niambie una mita ngapi, nipo Nyakato, naweza kuja na wangu.